Suheli Haionekani Glasgow

Kazi niliyopewa ilikuwa kushika tochi nyekundu na kuwaongoza watu wasijikwae kwenye miguu ya darubini. Tochi lazima iwe nyekundu, maana jicho likishapigwa na mwanga mweupe huchukua kama nusu saa kulizoea giza tena, na mtu aliyetoka na watoto wake kwenye baridi ya Glasgow hana nusu saa ya kuchezea. Ilikuwa Januari 2025, siku zile magazeti yalipokuwa yakipiga kelele juu ya gwaride la sayari: Zuhura na Zohali upande wa machweo, Mushtarii juu kabisa, na Mirihi ikichomoza mashariki nyekundu kama kaa la moto. Chama kimoja cha wapenda nyota kilialika umma bustanini, bure, na kikaomba watu wa kujitolea. Nikajiandikisha. Mke wangu akaniuliza, "Kwani wewe nyota hukuziona za kutosha?" Nikamwambia naenda kusikia wenzetu wanazisemaje.

Basi haya ni maoni yangu juu ya jioni ile, kama wenzangu humu wanavyoandika juu ya mchezo wa kuigiza au riwaya. Mtu asiseme naonea. Jioni ilikuwa na jukwaa, ilikuwa na msemaji, na ilikuwa na maandishi: karatasi nne ambazo kila mhudumu alitumiwa azisome mapema. Nimezisoma mara tatu. Na kabla haijamalizika, mimi mwenyewe nilipandishwa jukwaani, kwa hiyo huu uhakiki utanirudia.

Nianze na kilicho kizuri, na kilikuwa kizuri kweli. Mzee mmoja mstaafu alikuja na darubini aliyoiunda mwenyewe, bomba refu kama mtungi wa gesi, akailenga Zohali mapema kabla haijatua. Foleni ikawa ndefu. Sasa, kila mtoto aliyekuja alikuwa ameona picha za Zohali kitabuni, pete zimetanuka kama kofia pana. Mwaka ule pete zilikuwa karibu zinatuelekea kwa ukingo. Hutokea kila baada ya miaka kama kumi na tano, na Machi ya mwaka huohuo zilitukalia ubavu kabisa. Kwa hiyo kinachoonekana ni kitone chenye kijistari kimekipita katikati. Yule mzee alimwambia kila mtu kabla hajainama: "Utaona mstari. Sio zaidi ya mstari. Lakini ule mstari ndio pete zenyewe." Watoto wengine walinuna. Kisha wakarudi foleni mara ya pili. Nimekaa nikifikiria kwa nini, na jibu langu ni kwamba yule mzee hakuipamba Zohali. Alikupa ilivyo usiku ule, akakuachia wewe kazi ya kushangaa.

Karatasi zile nne ni habari nyingine.

Ukizisoma kama msomaji wa fasihi anavyosoma, unaona haraka kuwa zina vitenzi vya aina mbili. Kuna watu ambao "waliamini", "walidhani", "walisimulia". Halafu kuna watu ambao "waligundua", "walipima", "walithibitisha". Wagiriki wamepewa vyote viwili. Galileo, aliyeuona mwaka 1610 ule msafara wa miezi minne ya Mushtarii, amepewa vya pili tu, na ni haki yake. Sisi wengine, kuanzia Misri mpaka Polinesia, tumefungiwa kwenye vile vya kwanza. Katika karatasi nzima sikumuona Mwafrika mmoja aliyepima kitu.

Na kichekesho ni hiki. Msemaji alikuwa na kurunzi ya leza ya kijani, anachora angani, anataja: Aldebaran. Rigel. Betelgeuse. Alivitaja vizuri, kwa mapenzi. Nikawa nacheka peke yangu gizani. Aldebaran ni Kiarabu, al-dabaran, yaani mfuasi, kwa sababu inakifuata Kilimia kila kinapokwenda. Rigel ni mguu. Nusu ya majina aliyokuwa akiyataja yamepita Baghdad kabla ya kufika Ulaya, na mtu yeyote aliyesoma chuoni pwani yetu, hata kama Kiarabu chake ni cha kuungaunga, atayasikia yakimgonga sikioni. Lakini karatasi iliruka kutoka kwa Wagiriki hadi Galileo kama mtu anavyoruka dimbwi, huku majina ya wale waliorukwa yakiwa mdomoni mwake.

Usiku ule Mushtarii ilikuwa karibu na Kilimia, na hapo karatasi ilisema "wasichana saba wa Kigiriki". Sawa, hadithi yao. Lakini Kilimia chetu hakina wasichana. Kimetoka kwenye kulima, na si Waswahili peke yetu: Waxhosa wa Afrika Kusini wanakiita isiLimela, mzizi uleule, kwa maana ileile. Jina lenyewe ni kalenda. Wazee walisema kilimia kikizama wakati wa jua huibuka wakati wa mvua, na kikizama wakati wa mvua huibuka wakati wa jua. Hicho ni kipimo. Kuna mtu aliyeangalia mwaka baada ya mwaka, akaona muda ambao kile kifungu kinapotea machoni, akaulinganisha na mvua. Kwa nini yeye "aliamini" na mwenzake "aligundua"? (Mbajuni wa Chovae atasema, sisi kulima tunajua nini, kisiwa chenyewe mawe matupu. Ni kweli, mashamba yalikuwa bara. Lakini jina tulilitumia.)

Nisije nikaonekana nadai kila mkutano wa nyota uwe hivi. Kule Kenya, Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope wamekuwa wakibeba darubini mpaka mashuleni, na neno la Kiswahili limo kwenye historia ya elimu ya falaki tangu tarehe 12 Desemba 1970, siku setilaiti ya kwanza ya kutafuta miale ya eksirei angani iliporushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Pwani yetu hiyohiyo, safari ya mashua kusini. Karatasi ilitaja miale ya eksirei. Uhuru haikutajwa.

Nirudi bustanini. Kwenye saa mbili hivi usiku akaja bibi mmoja wa Kismayo na wajukuu zake. Tunajuana kidogo tu, kwa salamu. Alipojua ni mimi nyuma ya tochi akasema, "Ami, nioneshe Jaa." Nikamwonesha. Alikunja shingo mpaka mtandio ukateleza.

"Mbona imepanda hivyo?"

Nilimweleza kama nilivyoelewa. Jaa husimama juu ya upeo kwa kadiri ya umbali wako kutoka Ikweta. Glasgow ni digrii karibu 56 kaskazini, basi Jaa inakaa digrii 56 juu, zaidi ya nusu ya njia kwenda utosini. Chovae iko kusini kidogo tu ya Ikweta. Pale Jaa imelala majini, tuliijua kwa jina bila kuiona sura. Kwetu nyota zinachomoza wima na kutua wima, kama ndoo inayotoka na kuingia kisimani. Huku zinazunguka mshazari kama punda wa kinu.

"Na Suheli je?"

Suheli haionekani Glasgow. Si kwa mawingu wala kwa taa za mji. Haichomozi kabisa, iko chini ya miguu yetu daima. Kule nyumbani, kwenye msimu wa kaskazi, hupanda upande wa kusini mpaka digrii kama 38, na hakuna mtoto wa mvuvi asiyeijua. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonivuruga kwa usiku wote uliobaki: "Sasa hapa kibla ni upande gani?"

Lazima nieleze, hasa kwa wasomaji wa bara. Kwetu kibla ni kaskazini. Makka iko kaskazini mwa visiwa vyetu, basi neno moja limebeba mambo mawili, ibada na dira. Mtu wa Chovae akisema mashua imeelekea kibla hajasema imekwenda kuswali. Amesema imekwenda kaskazini. Mashariki tunaita matlai. Kusini unaweza kusema Suheli, jina la nyota limekuwa jina la upande. Huku Glasgow, ukiielekea Jaa, Makka iko nyuma ya bega lako la kulia.

Nilipoomba hifadhi katika nchi hii, niliulizwa, "Kisiwa cha Koyama kiko upande gani wa Chovae?" Nikajibu kama mtu yeyote wa kwetu angejibu: "Kibla na matlai." Kaskazini-mashariki. Jibu sahihi, ramani yoyote itakwambia. Mkalimani alikuwa Mswahili wa mbali na sisi. Kibla alikitafsiri "wanakoelekea wakiswali". Matlai alikiacha. Kwenye barua ya kukataliwa nikasoma kwamba mwombaji, anayedai kukulia kisiwani, hakuweza kutaja pande za dunia.

Simlaumu sana mkalimani. Wengi wetu Wabajuni tumepimwa kwa ulimi, mtu anasikiliza kanda na kuamua unatoka wapi kwa sababu umesema "mtu" badala ya "mchu". Mambo haya yamefika mbali: mwaka 2014 kesi ya Wasomali wawili kutoka huku Scotland, juu ya ripoti za namna hiyo, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza. Lakini lililoniuma lilikuwa swali la pili, na hili nimekaa nalo bila kumwambia mtu mpaka jioni ile ya nyota.

Tulitoka Chovae wakati wa vita, mapema mwaka 1992, kwa mashua ya babangu, usiku. Nilikuwa na miaka tisa. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri kutoka nyuma. Mwanzoni Suheli ilikuwa wazi. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa kuna ufundi wa kweli: kuanzia kwetu kuteremka Lamu, pwani haiendi kusini moja kwa moja, imepinda kusini-magharibi. Na Suheli, ikishavuka kilele na kuanza kushuka, inatua palepale kusini-magharibi, karibu sawasawa na mwelekeo wa pwani. Nahodha akiiweka juu ya omo baada ya saa sita za usiku, ikizidi kuinama ndivyo inavyozidi kumwonesha Lamu. Babangu aliniambia hivyo siku nyingine, mchana, tukiwa tumekaa kambini Jomvu hatuna kazi.

Lakini usiku ule haikuwa hivyo. Saa sita haijafika, mawingu yakaja. Babangu akaendelea kidogo kwa upepo shavuni na mlio wa mawimbi mwambani, akateremsha bildi kupima kina mara mbili tatu, kisha akaogopa. Tulikuwa watu kumi na tisa na maji yalikuwa ya kupwa. Akatia nanga nyuma ya mwamba akasema tunangoja. Tulingoja mpaka alfajiri, watoto wanatapika, mamangu ameziba mdomo wa mdogo wangu kwa kanga ili asilie. Kulipopambazuka tukaona hata Ras Kiamboni hatujaipita.

Nilimweleza afisa hivyohivyo. Akanitazama akasema: wavuvi wa Kibajuni wanajulikana kwa kusafiri usiku kwa kufuata nyota, kwa hiyo kwa nini baba yako alishindwa? Nikasema kulikuwa na mawingu. Liliandikwa, na kwenye barua likarudi kama jambo lisiloaminika. Baadaye kwa rufaa nilikubaliwa, kwa sababu nyingine kabisa.

Haya, sasa tuje kwenye karatasi ya nne. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya dakika tatu, kichwa chake "hadithi ya anga kutoka utamaduni mwingine". Tupu. Nafasi ya kujazwa. Msemaji akachukua kipaza sauti akasema, leo tunaye rafiki yetu kutoka visiwa vya Wabajuni, Somalia, ambao kwa karne nyingi wameongozwa na nyota pekee. Karibu.

Wahakiki huwa wanasema umbo linaamuru maudhui. Nilikuwa sijawahi kulihisi mwilini. Dakika tatu, watu mia moja wanatetemeka kwa baridi, kakao mikononi, nyuso zimeinuliwa. Nafasi ile haikuomba nanga. Haikuomba kanga mdomoni mwa mtoto. Nikawasimulia habari za usiku ule, mashua, vita, Suheli juu ya omo. Na nikasema babangu alishika usukani usiku kucha hakupepesa jicho, na alfajiri minara ya Lamu ikatokea mbele yetu palepale nyota ilipozamia. Nilisema hivyo. Mimi. Watu walipiga makofi kwa glavu, ule mlio mzito wa sufi. Mama mmoja alikuwa analia.

Kwa maneno mengine, siku niliyosema kweli niliandikiwa mwongo, na siku niliyosema uwongo nilishukuriwa. Na uwongo wenyewe sikuubuni. Ulikuwa ni sentensi ya yule afisa, neno kwa neno, nimeivalisha joho nikairudisha: Wabajuni wanajulikana kwa kusafiri usiku kwa kufuata nyota.

Hapa nageukia upande wetu, na najua wengine watakasirika. Katika mikutano yetu, harusini, kwenye vikao vya vijana, tunapenda kusema kuwa sisi ndio tuliowaonesha Wareno njia. Tunamtaja Ahmad ibn Majid kama jirani. Ibn Majid alikuwa mtu wa Julfar, kwenye Ghuba. Aliandika Kitab al-Fawaid, kitabu kikubwa cha ubaharia, na urjuza juu ya njia ya Sofala, na katika vitabu hivyo nyota zinapimwa kwa vidole, isba, bandari kwa bandari. Hiyo inatosha kumpa mtu heshima. Lakini ile hadithi kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 wanahistoria wengi hawaikubali. Maandishi ya Wareno yanaelekea zaidi kwa rubani wa Kigujarati. Bado tunaisimulia, kwa sababu ni hadithi ya dakika tatu. Vipimo vya vidole havisimuliki hivyo.

Na mabaharia wetu hasa? Babangu alikwenda kwa kuona nchi. Visiwa vyetu vimejipanga mstari sambamba na bara, mchana huwezi kupotea hata ukitaka. Usiku alitumia harufu ya mwani, mlio wa mwamba, bildi, mwezi, kujaa na kupwa kwa maji. Nyota alizitumia pale zilipomsaidia, na zaidi kama saa, kujua kama ni wakati wa kwenda kutegua jarife. Zilipofunikwa alitia nanga. Huo ndio ubaharia, bwana. Nahodha asiyetia nanga huwa hana watoto wa kuja kusimulia.

Kosa la jioni ile, basi, naliona hivi. Halikuwa kukosa hadithi za watu wengine, kwa sababu nafasi waliitenga. Ni kwamba kwa Zohali waliruhusu mstari uwe mstari, na kwetu walitaka pete zilizotanuka. Yule mzee wa darubini angeniuliza, "Kulikuwa na mawingu?" Msemaji hakuwa na pa kuliweka jibu.

Wiki mbili baadaye chama kikaniandikia kwa upole sana kuomba ruhusa ya kuichapa hadithi yangu kwenye kipeperushi cha mkutano ujao. Nilikaa na ile barua siku nne. Kisha nikaandika upya, ukurasa mmoja: mawingu, bildi, nanga, Ras Kiamboni. Nikaongeza habari za Kilimia, na za Suheli inavyotua kuelekea Lamu, kwa digrii, ili mtu akitaka akapime. Walijibu kwamba ni nzuri lakini ndefu, na wengi waliipenda ile ya kwanza. Nikawaambia ile ya kwanza haichapwi. Tukakubaliana wachape aya tatu za Suheli na nanga, bila jina langu.

Mkutano wa pili uliingia mawingu, kama mikutano mingi ya huku. Watu kumi hivi chini ya hema, darubini zimefunikwa turubai. Yule mzee alikuwepo. Msemaji hakuja. Kwa kuwa hapakuwa na cha kuonesha, waliniomba niseme kitu, nikasimulia safari ile, hii ya pili. Hakuna aliyelia. Mvulana mmoja wa miaka kama kumi aliinua mkono akauliza, kama kulikuwa na giza na mawingu na mmetia nanga, mlijuaje kwamba nanga imeshika na mashua haiendi?

Swali zuri. Nikamwambia babangu alikuwa ameifunga kamba ya bildi kwenye kidole gumba cha mguu, risasi yake imelala chini kwenye mchanga, akalala hivyo, na kila kamba ilipovutika alikuwa anaamka.